Leso ya mama imekuwa gauni: fundi wa watoto huku Langoni

Doti ya leso za marehemu mama yangu ilikaa sandukuni miaka minne. Kuzivaa siwezi, kuzitoa sitaki. Shaabani iliyopita nikachukua moja, nikaongeza na kanzu mbili za mume wangu zilizokwisha kola, nikaingia vichochoro vya nyuma ya Langoni, mtaa wetu hapa Amu (Lamu), hadi kwa mama mmoja anayeshonea watoto nguo kutokana na nguo kuukuu. Hana bango mlangoni. Uliza fundi wa nguo za watoto, utapelekwa.

Anashonea kiwandani, ule ua wa ndani wa nyumba zetu za mawe, mwanga unaposhuka kutoka juu. Mwanga huo ndio kipimo chake cha kwanza. Aliinua leso, akaitandaza, akanionyesha palipolika: katikati alipokuwa mama akikalia, na pembe mbili alizozoea kuzifunga. Akazungushia chaki. "Hapa sipashoni, pataachia ukifua mara mbili." Kisha akauliza, "Mwanangu, hii ilikuwa ya nani?" Nilipomwambia, akaikunja tena. Akasema nirudi kesho, afikirie kwanza namna ya kuikata.

Jina la leso ile, yale maneno yaliyochapwa juu yake, ni "Nani kama mama". Niliwahi kumpelekea fundi mwingine leso, akanirudishia gauni lenye jina lililokatwa vipande, maneno mengine kwapani, mengine yametazama chini. Nililia siku ile. Na si kazi rahisi: leso ina sentimita kama 110 kwa 150, ukitoa pindo pande zote nne na mahali palipochakaa, nafasi ya kukosea haipo. Huyu alilikalisha jina zima mgongoni, chini ya mabega. Pindo la leso likawa ndilo pindo la gauni, kwa hiyo hapana haja ya kulikunja. Juu yake akapiga mikunjo miwili ya ndani, kila mmoja vidole viwili. Binti yangu ana miaka sita; akirefuka nafumua mkunjo mmoja, gauni linateremka. Niligeuza nguo ndani nje kabla ya kulipa, ni tabia yangu. Kila mshono umepigwa ovaloku, nyuzi zisichomoke, na mabega yametiwa bitana ili yasipasuke mtoto akivutwa na wenzake.

Kanzu zilitoa suruali tatu fupi na shati moja. Amekata sehemu ya chini, ambayo haikuchakaa kama shingo na mikono. Mwanangu wa kiume alinuna, eti hizo ni nguo za baba. Nikamkumbusha FlipFlopi, jahazi lililoundwa hapahapa Amu kwa plastiki iliyotupwa na ndara kuukuu, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Akafikiri, akavaa. Sasa ndiyo suruali anayoitafuta kila akitoka madrasa.

Nilipenda pia vitu anavyokataa. Shati la polista alinirudishia, akasema mtoto ataungua nalo wakati wa kaskazi. Kamba za kufunga shingoni hatii kwenye nguo ya mtoto yeyote. Wanasesere anaowajaza mabaki ya vitambaa huwatarizi macho kwa uzi, hatumii vifungo, kwa sababu mtoto mdogo hung'oa kifungo akakimeza.

Jumamosi baada ya alasiri huwafundisha watoto, shilingi 100 kwa kila mmoja, wasiozidi sita. Binti yangu ameenda mara tano. Siku mbili za mwanzo hawakushona chochote ila kupiga bandi, ule ushonaji mwepesi wa mkono, kwenye kitambaa kilichochorwa mistari, na nikadhani hela yangu inapotea. Siku ya tatu akaja na kifuko cha penseli chenye mshono ulionyooka kuliko wangu. Wavulana wapo pia, na katika mji unaoshona kofia za vito, zile za kiume za kutarizwa kwa mkono, sioni ajabu yake.

Kasoro nitazisema, maana ni za kweli. Mpira wa kiuno kwenye suruali moja ulilegea baada ya wiki tatu. Alibadilisha bure, lakini ilinibidi nirudi. Mkoba wa shule wa tanga la mashua, shilingi 600, ni mgumu na una nguvu, ila mkanda wake ulianza kuchanika mahali unaposhikana na mfuko. Tanga ni nene mno kwa cherehani yake, apashone kwa mkono mara mbili. Na ahadi zake za siku si za kutegemea. Nguo nilizoambiwa kumi na tano ya Ramadhani nilizipata usiku wa kuamkia Idi, nikiwa nimesimama mlangoni na taa ya simu. Pelekeni Shaabani kama mimi, au msubiri Idi ipite.

Gauni nililipa 350, suruali 200 kila moja, shati 250. Fueni nguo kabla ya kupeleka, na msiondoe vifungo vya zamani, yeye huvitumia kwa nguo za watoto wakubwa.

Leso ya pili ya ile doti bado imo sandukuni. Binti mdogo ana miaka miwili, na ameshaanza kumvuta dada yake gauni akisema ni lake.