Wiki 10 katika kituo cha mazoezi tiba mjini Tabora

Nilipofanyiwa upasuaji wa goti kwa matundu madogo jijini Dar es Salaam, ili kuondoa kipande kilichochanika ndani yake, nilirudi Tabora nikiamini kwamba baada ya mwezi mmoja ningesimama darasani bila maumivu. Mwezi wa nne uliponikuta bado nashuka ngazi kwa kushikilia ukuta, jirani alinielekeza kwenye kituo kidogo cha mazoezi tiba kilicho karibu na stendi.

Siku ya kwanza mtaalamu hakuligusa goti kwa karibu nusu saa, bali aliniuliza maswali: maumivu yalianza lini kabla ya upasuaji, yalikuwa makali kiasi gani, uzito wangu ni kilo ngapi, ninalala vipi, na je, ninaogopa kukunja mguu. Nilimjibu kwamba nilikuwa nimeumwa kwa miaka 6. Kisha akainua picha yangu ya eksirei dirishani, akanionyesha jinsi nafasi kati ya mifupa ilivyokuwa imepungua upande wa ndani.

"Mama, gegedu, ile kinga laini kwenye ncha za mifupa, lilikuwa limeshasagika kabla hujapasuliwa," alisema, "na kuondoa kipande kilichochanika hakulirudishi."

Alinifafanulia kwamba mtu aliyeumwa muda mrefu, mwenye goti lililosagika, uzito mkubwa, hofu au sonona, yumo katika hatari zaidi ya kubaki na maumivu hata kama upasuaji wenyewe umefanyika vizuri, na kwamba kadiri kipande kinachoondolewa kinavyokuwa kikubwa, ndivyo mifupa inavyobeba mzigo zaidi. Niliumia moyoni, kwa kuwa mahali nilipopasuliwa hakuna aliyenieleza haya kabla sijatia saini. Tangu mwaka 2002 utafiti uliofanyika Houston, Marekani, ulikwisha kuonyesha kwamba wagonjwa wa magoti yaliyosagika waliokatwa ngozi tu bila goti kuguswa ndani hawakuzidiwa nafuu na wale waliosafishwa goti kwa upasuaji wa matundu, na mwaka 2017 jopo la wataalamu katika BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, lilishauri upasuaji huo usifanywe kwa karibu wagonjwa wote wa aina yangu. Mgonjwa anastahili kuambiwa hayo mapema.

Baada ya maelezo alichukua futi ya fundi cherehani, akapima mapaja yangu juu kidogo ya pia ya goti, na la kushoto likaonekana limepungua kwa sentimita 3. Goti lililovimba huzuia msuli wa mbele wa paja kufanya kazi, msuli ukilegea goti hukosa tegemeo, na maumivu huendelea. Tulianza kwa taulo lililokunjwa chini ya goti, nikilikandamiza na kuhesabu hadi tano, ndipo baadaye tukafikia kupanda kibao na kuinua mfuko wa mchanga kwa kifundo cha mguu.

Kasoro zipo. Chumba ni kimoja kilichogawanywa kwa pazia, hivyo jirani husikia kila unachoeleza, na bima haipokelewi. Nililipa shilingi 10,000 kila nilipokwenda. Hata hivyo, mgonjwa mwenzangu aliyefika akiwa na shavu la mguu lililovimba ghafla hakuguswa kwa mazoezi, alipelekwa hospitali papo hapo kwa hofu ya damu kuganda.

Kipimo cha mwisho kilionyesha tofauti ya sentimita 1. Kupiga magoti bado kunaniuma, lakini ngazi za shule nazishuka bila kushika ukuta.