Kitochi cha mama: nimezunguka Moshi Jumamosi nzima

Simu ya mama imekanyagwa na ng'ombe. Sio utani, alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga, akainama bandani kumwekea ng'ombe majani, ikadondoka, ng'ombe akasogea hatua moja tu na habari ikaishia hapo. Ilikuwa Nokia 1100, ile yenye tochi kichwani, zilitoka 2003 na dunia nzima ziliuzwa zaidi ya milioni 250, ya mama ilishabadilishwa kava mara tatu na betri sijui ngapi, namba 5 ilikuwa imefutika kabisa ila kidole chake kinajua iko wapi. Batani zake ni mpira mmoja mzima juu, vumbi haliingii, na vumbi la Marangu, kijijini kwa mama, kiangazi mnalijua.

Ndugu zangu wa Dar wakaja na wazo la kumchangia simu ya kupangusa ili awaone wajukuu kwenye video. Mama akasema hizo picha zenu mniache, anayetaka kuniona njia anaijua, Disemba aje. Akanitajia anachotaka: tochi, redio inayoshika bila waya wa masikioni maana asubuhi lazima asikilize Radio Sauti ya Injili akiwa anakamua, laini mbili, na chaji ikae. Basi. Mimi nakaa Majengo, hapa Moshi mjini, nikasema hiyo ni kazi ya nusu saa, kumbe nimerudi nyumbani saa kumi na moja jioni miguu imevimba.

Stendi nilipita tu. Ukikanyaga pale unaitwa mangi, bosi, kaka, mtu ana simu mkononi inawaka vizuri na bei ni nusu ya dukani, akili inakuambia hebu nisikilize kwanza. Usisikilize. Jirani yangu alisikiliza, akaonyeshwa simu ikafungwa kwenye boksi mbele ya macho yake akalipa, kufika nyumbani anafungua anakuta kipande cha sabuni ya mche kimekatwa saizi ya simu kabisa mpaka uzito umelingana. Tulicheka wiki nzima, yeye hakucheka, ila sabuni aliifulia.

Duka la kwanza, siwataji, lina vioo na feni na mabinti wenye tisheti za kampuni, ila ukisema unataka kitochi unaangaliwa kama umeingia kuomba maji ya kunywa. Dada mmoja akajitahidi kuniuzia kitochi cha 4G, akasema hiki kina WhatsApp mama atafurahi. Sasa hapo muwe macho, vitochi vingi vya namna hiyo vinatumia mfumo unaoitwa KaiOS, na WhatsApp walishaachana nao, tangu katikati ya 2024 huwezi hata kuipakua upya. Kwa hiyo unaongeza hela kwa kitu ambacho hakipo. Nilipomwambia akasema "eeh sijui labda", nikashukuru nikatoka.

Duka la pili bei nzuri sana. Mimi nina kawaida, simu yoyote hata ya elfu ishirini nabonyeza *#06# kabla ya kutoa hela, zinakuja namba za IMEI (namba za utambulisho wa simu), kama ni ya laini mbili zinakuja mbili, nalinganisha na za kwenye boksi na kile kikaratasi kilicho chini ya betri. Boksi lilikuwa na namba zake na simu namba zake. Muuzaji akasema boksi zimechanganyika tu mangi hamna shida. Nikamwambia basi zikishachambuka nitarudi. Mkumbuke Juni 2016 TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walivyozima simu feki, watu waliamka asubuhi mkononi wana tochi tu, simu hamna. Na kuhakiki ni rahisi, unatuma ile IMEI kwa meseji kwenda 15090 unajibiwa ni simu ya kampuni gani na aina gani, kama jibu linasema kitu kingine na wewe umeshika kingine, rudisha mezani taratibu.

Ndo nikaishia kwenye kaduka kadogo mtaa wa nyuma ya soko kuu, hakana hata jina la kueleweka, kijana mmoja tu na stuli mbili. Huyu dogo nampa maua yake. Hakuniuliza bajeti, aliuliza simu ni ya nani. Nilipomwambia ya mama wa kijijini akatoa tatu akaziweka mezani akatoa na betri akasema jaribu mwenyewe. Nilikuwa nimekuja na laini za mama (hili ni muhimu, nenda na laini yake yule anayenunuliwa), nikazichomeka, nikapiga simu, nikaweka spika ya nje, nikaenda mpaka barabarani kwenye kelele za bodaboda kuona kama nasikia. Nikafungua *150*00# kuona menyu ya M-Pesa inasomeka kwa macho ya mtu mzima au herufi ni kama chawa. Nikabonyeza batani zote moja moja. Dogo katulia tu anakula mahindi.

Mwisho zilibaki Nokia 105 na itel. Nokia batani zake ni laini, mkono unazizoea haraka, na jina mama analijua, ila aliyokuwa nayo ilikuwa ya laini moja na bei elfu 52. Mama ana Voda ya M-Pesa na Airtel ya kupigia, laini moja haimtoshi. Itel ndogo nyingi zina betri ya mAh 1000 (hicho ndicho kipimo cha chaji inayobeba), sio mbaya, lakini dogo akanionyesha ile nene ya mAh 2500, nzito mkononi kama kipande cha tofali, tochi inamulika mpaka ng'ambo ya barabara, redio haihitaji waya. Elfu 38. Nikalia lia akashuka mpaka 35, akanipa risiti ya mashine bila kuombwa na akaandika tarehe ya waranti kwenye boksi. Huko nyuma niliwahi kurudisha simu mahali bila risiti nikaambiwa imeingia maji, wakati hata kunyeshewa haijawahi.

Wasiwasi wa mama ulikuwa namba zake za simu na kwamba itabidi aende tena kuweka vidole. Hapana, vidole viliwekwa kwa ajili ya laini sio simu, na namba alikuwa amezihifadhi kwenye laini, inabeba kama 250, zote zilikuja. Ningeshauri na nyie wazazi wenu muwahifadhie kwenye laini kabla ng'ombe hajafanya yake.

Sasa ni wiki ya tatu. Anachaji Jumapili kabla ya ibada anafika Ijumaa, na redio inalia kila asubuhi. Kosa ni langu, niliweka mlio wa juu kabisa ili asikie akiwa mgombani, ikalia katikati ya mahubiri na kuizima alikuwa hajajua bado, mchungaji akanyamaza kumsubiri.

Zile namba za haraka, ukishikilia batani moja inapiga yenyewe, nilimwekea namba yangu kwenye 2. Juzi nimepanda Marangu nimekuta kazibadilisha, kasaidiwa na mtoto wa jirani. 2 ni daktari wa ng'ombe. Mimi niko 4.