Age of Empires II: Ushindi Huanzia kwa Wanakijiji

Age of Empires II ilitoka mwaka 1999, na mpaka leo sijapata gemu nyingine ya mikakati ya kivita iliyoniteka kiasi hiki. Wengi huisifia ngome na farasi wake. Mimi nawapenda wanakijiji.

Kwa kawaida unaanza na wanakijiji watatu, mpelelezi mmoja juu ya farasi, na Kituo cha Mji. Sehemu kubwa ya ramani ni giza tupu. Kondoo wako jirani, ila mtihani wa kwanza ni nguruwe pori. Mwanakijiji anamchoma mshale, mnyama anapandwa na hasira na kumfukuza, nawe unamrudisha mtu wako mbio hadi Kituoni, wenzake wanakochinja kondoo, ili wote wamgeukie nguruwe kwa pamoja. Ukizubaa na kipanya, umempoteza mtu. Ukiweza, umejipatia chakula 340. Wakati huohuo Kituo hakitakiwi kukaa bure: kila mwanakijiji mpya ni chakula 50, na lazima ukusanye 500 ili utoke Zama za Giza na kuingia Zama za Ukabaila. Nimeshuhudia mechi zikiamuliwa hapo hapo, kabla hata upanga mmoja haujachomolewa.

Vita navyo vina utamu wake, maana kila askari ana kiboko yake. Wenye mikuki huwamaliza wapanda farasi, wapanda farasi huwafyeka wapiga mishale, na wapiga mishale huwadungua wenye mikuki kabla hawajawakaribia. Mangoneli, mtambo wa kurusha mawe, haichagui: jiwe likitua katikati ya watu wako, watakufa wao. Lakini ninayemhusudu kuliko wote ni mtawa. Anasimama na fimbo yake, anaimba, na mpanda farasi aliyekuja kukuua anabadilika rangi palepale, sasa ni wako. (Mpinzani akianza kulalamika, raha inaongezeka.)

Kampeni zake, yaani misururu ya mechi zenye hadithi, zinasimulia historia vizuri mno. Ya Barbarossa ndiyo iliyonikaa kichwani: mfalme huyo alizama mtoni mwaka 1190 akielekea kwenye Vita vya Msalaba, na katika sura ya mwisho unausindikiza mwili wake, ukiwa ndani ya pipa, hadi Jerusalem. Nyongeza ya African Kingdoms ya mwaka 2015 ilileta dola la Mali la mfalme Sundjata na Ethiopia ya malkia Yodit, na wanakijiji wa Ethiopia huitikia amri kwa Kiamhari.

Toleo la Definitive Edition la 2019 lina picha safi zaidi, na mashamba yanaweza kujipanda upya yenyewe. Kwenye toleo la kwanza ulilazimika kupanda moja moja kwa mkono, katikati ya vita. Sina hamu ya kurudi huko.

Mgeni aanze na kampeni ya William Wallace, ambayo ni ya mafunzo. Mtandaoni asikimbilie: wenzake watakuwa wameshavuka zama yeye bado anatafuta kondoo.