Siku nne Veracruz: uzoefu wangu katika mji wa bandari wa Meksiko

Nilifika Veracruz kwa basi kutoka Mexico City, safari ya takriban saa sita inayoanzia nyanda za juu zenye baridi na kuteremka hadi pwani ya Ghuba ya Meksiko. Mlango wa basi ulipofunguliwa nililakiwa na joto lenye unyevunyevu ambalo mtu aliyelelewa Mombasa, kama mimi, hahitaji kuelezwa. Nilikuwa nimeshauriwa niuruke mji huu na kwenda Cancún moja kwa moja, na ninaandika maoni haya kwa sababu naona ushauri huo ungeninyima sehemu bora ya safari yangu yote.

Sehemu hiyo ni uwanja mkuu wakati wa jioni. Jua linapozama na upepo wa bahari unapoanza kupunguza joto, familia hutoka majumbani, watoto hukimbizana, na bendi huja kupiga danzón, muziki uliotoka Kuba mwishoni mwa karne ya 19 na ambao Veracruz imeulea hadi ukawa wake. Wachezaji wengi ni wazee. Wanaume huvaa guayabera, yaani shati jepesi lenye mikunjo midogo kifuani, nao wanawake huvaa magauni yaliyopigwa pasi kwa uangalifu na kushika pepeo mkononi. Mtangazaji hutaja jina la mtu aliyehudhuria na kumtunukia wimbo, kisha wachezaji huanza kwenda kwa hatua fupi, miili ikiwa wima na nyuso zikiwa tulivu, kana kwamba kigae kimoja cha sakafu kinawatosha. Ile sehemu ya utangulizi wa wimbo inaporudi, wote husimama na kuielekea bendi, wanawake wakijipepea, hadi muziki utakapowaruhusu kuendelea. Hakuna anayehesabu kwa sauti, wala hakuna anayekosea. Niliikumbuka lelemama ya kwetu, ambamo heshima ya mchezaji huonekana katika kile anachokizuia mwilini kuliko katika kile anachokionyesha. Hakuna kiingilio, na hakuna kiti kilichotengwa kwa ajili ya wageni: watu hawa wangecheza vivyo hivyo hata kama mimi nisingekuwapo, na ndiyo maana nilirudi jioni ya pili nikakaa hadi bendi ilipofunga vyombo vyake.

Chini ya matao ya majengo yanayouzunguka uwanja hupigwa pia marimba, na neno hilo sikuhitaji kutafsiriwa, kwa kuwa ni neno la Kibantu lililovuka Bahari ya Atlantiki pamoja na watu waliolijua. Veracruz ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya kuwaingizia Waafrika waliotumwa utumwani katika Meksiko ya wakati wa Wahispania, wengi wao wakitoka upande wa Angola, na athari yao imebaki katika majina ya mahali, kama vile ziwa la pwani la Mandinga lililo kusini mwa mji, ambako watu huenda kula samaki na chaza. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2020 ndiyo ya kwanza kuwauliza wananchi wote wa Meksiko kama wanajitambua kuwa wana asili ya Kiafrika, na zaidi ya watu milioni 2.5 walijibu kuwa wanayo. Ningependa msafiri yeyote kutoka Afrika Mashariki ayajue haya kabla ya kufika, kwa sababu mji husikika tofauti masikioni mwa mtu anayeyajua.

Asubuhi nilikunywa kahawa katika Gran Café de la Parroquia. Mhudumu huleta glasi yenye kahawa nzito kidogo tu chini yake. Ukitaka maziwa, unagonga glasi kwa kijiko, na mhudumu mwingine huja na birika na kumimina maziwa ya moto kutoka juu sana bila kumwaga hata tone. Ukumbi mzima hulia kwa milio hiyo ya vijiko. Huduma ilikuwa ya haraka na ya adabu, na kahawa, inayolimwa katika milima ya jimbo hilohilo, ilikuwa bora kuliko yoyote niliyoionja katika safari hiyo.

Siku ya tatu nilizuru San Juan de Ulúa, ngome ambayo Wahispania walianza kuijenga mwaka 1535 na ambayo waliing'ang'ania hadi 1825, miaka minne baada ya Meksiko kujipatia uhuru. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, na nilipoweka kiganja juu yake nilitambua mara moja umbo nililolizoea tangu utotoni katika Fort Jesus. Baadaye ilifanywa gereza, na vyumba vyake vya giza vilipewa majina ya Pepo, Toharani na Jehanamu. Mtembezaji wetu, ambaye alizungumza Kihispania pekee lakini kwa utaratibu wa kueleweka, alitusimulia hekaya ya mwanamke wa Córdoba aliyefungwa humo kwa tuhuma za uchawi, akachora merikebu ukutani kwa mkaa, akaipanda na kutoweka.

Kasoro zipo. Katika hoteli niliyofikia, ambayo sitaitaja, kiyoyozi kiliharibika usiku wa kwanza na ilinibidi niombe mara mbili kabla ya kuhamishiwa chumba kingine. Bendi za mezani hupishana kwa karibu mno, hata zikapiga nyimbo tatu tofauti kwa wakati mmoja, na wachuuzi hawachoki kukusogelea unapokula, ingawa neno la kukataa kwa upole huwatosha. Mchanga wa fukwe zilizo karibu na katikati ya mji ni wa kijivu na maji si maangavu. Anayetafuta bahari kama ya Diani hataipata hapa. Kuanzia Oktoba hadi takriban Aprili huvuma upepo mkali wa kaskazini, ambao wenyeji huuita el norte, nao huweza kugeuza joto la mchana kuwa baridi kwa muda mfupi, kwa hiyo beba sweta.

Danzón haipigwi kila jioni. Uliza hotelini siku ya kwanza ili upange ratiba yako kuizunguka. Mimi nikirudi nitatenga siku moja zaidi kwa ajili ya Yanga, mji wa bara katika jimbo hilohilo, unaoitwa kwa jina la Mwafrika aliyewaongoza watumwa wenzake kutoroka kwenda milimani katika karne ya 16, na ambao safari hii niliupita nikiwa ndani ya basi bila kujua.