Pango la mpingo kutoka Mwenge: mchungaji amekuja mikono mitupu

Seti hii ya kuzaliwa kwa Yesu niliinunua kwenye kijiji cha vinyago Mwenge, Dar es Salaam, kwa ajili ya darasa langu la shule ya Jumapili. Ina vipande 11: Mariamu, Yusufu, mtoto, hori, malaika, wachungaji wawili, mamajusi watatu na kondoo mmoja. Niliambiwa 250,000, tukapatana 180,000. Kwa mwalimu wa watoto hizo ni fedha nyingi, kwa hiyo nimeitazama seti hii kwa jicho kali, na nimekaa nayo Majilio yote, yaani majuma ya kuingojea Krismasi, kabla ya kuandika.

Kwanza mti wenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Mpingo halisi ni mzito kuliko unavyotarajia ukiushika. Ukiutumbukiza majini, unazama. Mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu ukiusugua kwa kitambaa cheupe chenye maji, kitambaa kinaondoka cheusi. Geuza kinyago utazame chini ya kitako, maana huko rangi hupakwa kwa haraka. Changu kilipita majaribio yote. Kiini cha mpingo ni cheusi na tabaka la nje ni jeupe linaloelekea njano, na fundi huyu amelitumia tabaka hilo kwa akili sana: uso wa mtoto ameuchonga kwenye kiini, nguo za kitoto zimetoka kwenye ule weupe. Hakuna rangi iliyopakwa. Mti ni mmoja, nguo na mwili vimekua pamoja.

Mtoto anatoka horini. Sifa hii naiweka juu, kwa sababu katika seti nyingi mtoto amegandishwa humo kwa gundi. Sisi darasani tuliiacha hori tupu Jumapili zote za Majilio, mtoto akalazwa mkesha wa tarehe 24. Mamajusi tuliwaweka mbali, dirishani, wakawa wanasogea kidogo kidogo hadi Epifania, sikukuu ya kufika kwao kwa mtoto, tarehe 6 Januari. Mathayo anasema walimkuta nyumbani, na hakutaja walikuwa wangapi; watatu tumewahesabu sisi kutokana na zawadi tatu. Watoto wanapenda kujua vitu vya namna hii, na vinawafundisha kusoma Maandiko yenyewe badala ya kukariri picha za kadi.

Sasa niseme juu ya mmoja wa wale wachungaji wawili, kwa sababu ndiye aliyenifanya nitoe fedha.

Katika seti nyingi nilizoziona mchungaji amebeba mwana-kondoo mabegani, kana kwamba naye ameleta chake. Huyu amepiga magoti, viganja vimeelekea juu, havina kitu. Kondoo yuko pembeni, na anatazama upande mwingine. Nilimuuliza fundi, "Kaka, huyu mbona hana kitu mkononi?" Akanijibu bila kuacha kupiga msasa, "Mama, hao walitoka mbio usiku. Wangebeba nini?"

Nilirudi nyumbani nikafungua Luka 2. Ni kweli. Wachungaji wanaambiwa habari wakiwa makondeni, wanakwenda kwa haraka, wanamkuta mtoto horini, wanaeleza walichoambiwa, wanarudi wakimtukuza Mungu. Hakuna mstari unaotaja zawadi yao. Malaika aliwaambia kwamba amezaliwa, kwa ajili yao, Mwokozi. Zawadi ilikuwa imeshalazwa horini kabla hawajafika. Wao walikwenda kuipokea.

Darasani swali lilikuja lenyewe. Mvulana mmoja akasema, "Mwalimu, huyu hajaleta chochote, watamruhusu aingie?" Msichana mdogo akataka kumwekea pipi kiganjani asiaibike. Nikamwomba aiache mikono ilivyo, tukasoma Waefeso 2:8: tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na hilo halikutoka kwetu, ni kipawa cha Mungu. Nimelifundisha andiko hilo mara nyingi, na watoto wamelikariri mara nyingi. Safari hii walikuwa na kiganja cha mpingo cha kulitazamia, wakapokezana mchungaji yule, kila mmoja akigusa mahali ambapo kitu kingekuwepo.

Nawaambieni kwa nini jambo hili linanigusa. Katika mtaa wetu kuna watoto wanaokuja mwaka mzima, mvua na jua, halafu Krismasi hawaonekani. Mzazi hakupata nguo mpya, anaona haya kumleta mtoto na gauni la mwaka jana siku ambayo wenzake wamependeza. Kuna baba anayekaa mjini Desemba yote akiwa mnyonge kwa sababu nauli ya kwenda Moshi imemshinda, na hatafika kwao mikono mitupu. Tumeifanya sikukuu ya Mwokozi kuwa siku ya kuonyesha tulichonacho, na asiyekuwa nacho anajitoa mwenyewe kabla hajafukuzwa na mtu. Ikiwa wa kwanza kuitwa horini walikuwa watu wa zamu ya usiku wasio na kitu mkononi, basi mtoto wa gauni la zamani ana nafasi yake mbele kabisa, na ni kazi yetu walimu kwenda nyumbani kwao kuwaambia hivyo kabla ya tarehe 25.

Mamajusi ndipo fundi alipolegea. Visanduku vitatu vinafanana kabisa, huwezi kujua dhahabu iko wapi, uvumba uko wapi, manemane iko wapi. Mimi ningetaka angalau manemane itofautishwe, kwa chombo kirefu au kifuniko cha aina yake. Manemane ndiyo inayobeba uzito wa habari nzima: Yohana anasimulia kwamba Nikodemo aliileta, imechanganywa na udi, kuuzika mwili wa Yesu. Mtoto huyu alizaliwa ili afe kwa ajili yetu, na jina lake Yesu alipewa, kama Mathayo 1:21 inavyosema, kwa kuwa atawaokoa watu wake na dhambi zao. Seti inayoishia kwenye hori peke yake inamwacha mtoto awe mtoto tu. Mimi nilifunga uzi mwekundu kwenye sanduku moja, na siku ya Ijumaa Kuu nitalitoa kabatini niwaonyeshe tena.

Ng'ombe na punda hawamo. Wengine watalalamika, ingawa Luka hawataji wanyama horini. Walikuja baadaye kwa njia ya Isaya 1:3, panaposemwa kwamba ng'ombe anamjua bwana wake lakini watu wa Mungu hawajui, na Fransisko wa Asizi aliwaweka hai mbele ya hori kule Greccio, Italia, mwaka 1223. Ningewapenda, kwa ajili ya andiko hilo la Isaya. Fundi anasema anawachonga kwa oda, ila bei inapanda.

Sura zote ni za Kimakonde: mashavu mapana, midomo minene. Mama mmoja aliniuliza kama si vibaya. Yesu alizaliwa Myahudi, Bethlehemu ya Yudea, katika ukoo wa Daudi, na watoto wangu wanalijua hilo. Wachoraji wa Italia walimpa sura ya Kiitalia kwa karne nyingi. Sioni kosa mchongaji wa hapa akimweka mikononi mwa mama anayefanana na bibi yake.

Kuhusu uimara: seti imepita mikononi mwa darasa zima na imeanguka sakafuni, hakuna kilichovunjika isipokuwa ncha ya bawa la malaika, ambalo limechongwa jembamba mno. Fimbo ya Yusufu inachomoka, ifungeni mapema. Msiiweke juani wala mbele ya kiyoyozi, mpingo hupasuka. Na ile sehemu nyeupe iangaliwe isiingie bungua. Hakuna boksi, unafungiwa kwenye magazeti, kwa hiyo beba la kwako.

Kama unataka pambo la kuangaliwa kwa mbali sebuleni, zipo seti za bei ya chini zitakazokutosha. Kama unafundisha watoto, au una watoto nyumbani, nunua hii. Agiza mapema, Oktoba au Novemba, kabla mafundi hawajaelemewa na wageni, na mwambie fundi wazi kwamba mchungaji asimwekee kondoo mikononi.