Nilienda maktaba kushona gauni

Siku mbili kabla ya harusi ya rafiki yetu hapa Helsinki, gauni langu la kitenge lilifumuka kuanzia kwapani hadi kiunoni. Nimenenepa, simsingizii fundi aliyelishona. Mshonaji wa karibu na kwangu akanitajia bei ambayo ningenunulia gauni jingine na chenji ya viatu ikabaki. Kazini mwenzangu akasema, "Si uende maktaba?" Nikajua Kifini changu kimenitupa tena. Nikamrudishia swali. Akarudia polepole: maktaba, Oodi, kuna vyerehani.

Oodi iko katikati ya mji, inatazamana na Bunge la Ufini, na ilifunguliwa Desemba 5, 2018. Chini kuna mgahawa na ukumbi wa sinema, vitabu kama laki moja viko juu kabisa. Mimi niliishia ghorofa ya kati. Huko ni karakana tupu: mashine za kuchapa vitu vya plastiki, mashine ya kukata kwa leza, vyumba vya kurekodi muziki, vyumba vya michezo ya kompyuta, hata jiko la kukodi. Mimi niliyelelewa na kibao cha "KIMYA" ukutani, nilitembea kwa kunyata kama mwizi, huku pembeni mtu anakata plastiki na wengine wanacheka.

Vyerehani vya umeme vimepangwa mezani, na ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisichanike, ipo. Kutumia hulipi, kitambaa unakuja nacho. Sasa mimi nilijifunzia kushona kwenye cherehani ya kukanyaga ya mama, Tanga. Mguu ukakumbuka ya nyumbani: nikakanyaga kwa nguvu zote, mashine ikatoka mbio, ikapanda juu ya zipu, sindano kak! Vipande viwili. Nikaenda kuungama kwa mhudumu nikiwa nimeshika kile kipande kiganjani. Hakununa. Akafunga sindano nyingine, akanionyesha kitufe cha kupunguza mwendo. Jirani yangu, mzee aliyekuwa anaziba hema lake la kupigia kambi, akanisogezea mkasi wake bila kusema neno, na kwa Wafini hayo ni mazungumzo marefu.

Saa moja na nusu gauni likawa limekwisha, tena nimelipanua inchi moja kila upande kwa ajili ya pilau.

Tangu hapo nimekuwa mpekuzi. Kadi ni bure, na ile niliyochukua Oodi inatumika pia kwenye maktaba za miji jirani, Espoo na Vantaa. Nimeazima kifaa cha kupima umeme, kile cha kuchomeka kati ya soketi na friji, na nikamkamata mla umeme wa nyumbani: jokofu kuukuu ambalo mume wangu alikuwa analitetea kila siku. Hajasema kitu mpaka leo.

Ukitaka kwenda, weka nafasi ya cherehani mapema kwenye mtandao, na usiende na mguu wa Tanga. Mimi Jumamosi hii narudi kupinda mapazia. Vitabu? Nimeazima kimoja, cha mapishi, na nimeshachelewa kukirudisha.