Lenzi za fremu kamili kwenye kamera ya kropu: moja niliiuza, mbili sizitoi

Shangazi wa bibi harusi alitoka nusu: bega moja, sikio moja, hereni moja. Nilikuwa nimejibanza ukutani, mgongo umegota kabisa, zumu nimeirudisha mpaka mwisho kwenye 24mm, pale inapoona upana zaidi, na bado watu kumi na mmoja waliopangwa mstari mmoja hawaenei kwenye picha. Mama mwenye shughuli akanitazama. "Mwanangu, si urudi nyuma kidogo?" Nirudi wapi, mama, na ukuta ndio huu?

Mkononi nilikuwa na Canon EOS 750D, na mbele yake EF 24-70mm f/2.8L II, lenzi ambayo nilidunduliza karibu mwaka mzima kuinunua. Kwenye mkoba, chini kabisa, kulikuwa na ile 18-55 ya plastiki iliyokuja na kamera, ambayo nilikuwa nimeanza kuionea aibu. Nikaitoa, nikaifunga kimyakimya, nikairudisha mpaka 18. Watu wote wakaingia, na nafasi ikabaki.

Siku ile ndiyo nilianza kuelewa nilichonunua. Nimetumia lenzi tatu za fremu kamili, yaani zilizotengenezwa kwa kamera za sensa kubwa (sensa ni kile kipande kinachopokea mwanga), kwenye hiyo kamera ya kropu, yaani ya sensa ndogo, na maoni yangu si mamoja kwa zote. Nitaanza na hiyo iliyonitia aibu.

Hesabu yake ni fupi. Sensa ya fremu kamili ina milimita 36 kwa 24, sawa na kipande kimoja cha filamu ya 35mm. Sensa ya 750D ni takriban 22.3 kwa 14.9. Lenzi ya fremu kamili inatupa duara la mwanga la kutosha kufunika ile sensa kubwa hadi pembeni, lakini sensa yangu inachota pale katikati tu, chini kidogo ya asilimia 40 ya eneo. Mwanga uliobaki unaishia kwenye kuta nyeusi za ndani ya kamera. Lenzi yenyewe haijarefuka hata chembe, maana 24 ni 24 popote utakapoifunga. Ni mkasi tu umepita. Ndiyo maana watu huzidisha kwa 1.6 kwenye Canon, au 1.5 kwenye Nikon na Sony, wakitaka kujua picha itaonekana kama imepigwa na lenzi gani kwenye fremu kamili.

Basi 24-70 yangu ilikuwa inapiga kama 38-112. Kwa maneno ya sebuleni: ukisimama mita 3 kutoka kwa watu, 24mm kwenye fremu kamili inaona upana wa mita 4.5. Kwangu inaona mita 2.8. Shangazi alikuwa ndani ya ile mita 1.7 iliyoliwa.

(Hapa niseme jambo moja, maana naliona likiwachanganya wengi. Namba zilizoandikwa kwenye lenzi za kropu, zile za EF-S, nazo hazijazidishwa. Ile 18-55 ni 18-55 halisi. Ukiiweka kwenye 50 na ukafunga lenzi ya fremu kamili ya 50 kwenye kamera hiyohiyo, utapata upana uleule. Kuna watu wananunua EF, zile za Canon za fremu kamili, wakiamini inavuta karibu kuliko EF-S ya namba hiyohiyo. Haivuti.)

Nilikaa na 24-70 hiyo tangu 2016 hadi 2019, na sitasema ni lenzi mbaya. Ukali wake ulinifurahisha kila nilipofungua picha. Vile vivuli vya pembeni ambavyo watu wa fremu kamili huvilalamikia wakifungua apecha (tundu la kupitishia mwanga) hadi mwisho, mimi karibu sikuviona, kwa sababu pembe za picha yangu zilikuwa bado ni eneo la katikati la lenzi. Shida ilikuwa kwenye kuishi nayo. Ina gramu 805. Kamera yenyewe, pamoja na betri, ina gramu 555. Yaani lenzi ndiyo iliyobeba kamera. Ukiiacha ining'inie shingoni inatazama chini kama mtoto aliyegombezwa, na ukiishika kwa mkono mmoja kifundo kinaanza kulalamika kabla hata keki haijakatwa. Tena haina kitulizi cha mtikisiko, wakati ile ya plastiki ya gramu 205 inacho. Kwenye 70 ilinibidi shata (kasi ya kufunguka na kufunga) isishuke chini ya 1/125 ya sekunde, la sivyo mtetemo wa mkono ulionekana, kwa kuwa ule mkasi unaokuza uso unakuza na mtikisiko.

Halafu kuna flashi ile ndogo inayoruka juu ya kamera. Mara ya kwanza kuitumia na 24-70 nilipata nusu mwezi mweusi chini ya kila picha. Nikafuta kioo, nikabadilisha kadi, nikaanza kumshuku aliyeniuzia. Kumbe kilikuwa kivuli cha lenzi yenyewe: pipa ni nene na refu, kofia yake ya mbele ya kuzuia jua inaongeza urefu, na flashi imekaa chini mno kuweza kurukia. Ukivua kofia nusu mwezi unapungua, ila kwenye 24 bado unachungulia. Na kofia hiyo, hata ukiiacha, kwenye kropu haina kazi kubwa, maana imekatwa kwa kufuata upana wa 24mm ya fremu kamili. Ingeweza kuwa ndefu zaidi bila kuingia kwenye picha yangu. Jua la ubavuni lilikuwa likinipauzia picha huku kofia ikiwa imevaliwa vizuri kabisa.

Niliiuza. Mahali pake nikaweka EF-S 17-55mm f/2.8 IS, lenzi ya 2006 iliyotengenezwa kwa sensa ndogo. Apecha ileile ya f/2.8, kitulizi kipo, gramu 645, na upana wa kuanzia kama 27 ya fremu kamili. Haina ule mstari mwekundu wa majivuno ulio kwenye lenzi za L za Canon. Shangazi anaenea.

Sasa hizo mbili ambazo sizitoi.

Ya kwanza ni EF 50mm f/1.8 STM. Ni ndogo, gramu 160 tu, na kwenye kropu inageuka kitu kingine kabisa. Kwenye fremu kamili 50 ni lenzi ya kila kitu. Kwangu inaona kama 80, na hapo ndipo sura za watu zinapokaa vizuri. Sababu si kwamba kropu "inabana" uso, ingawa utasikia hivyo kila mahali. Ni kwamba upana umepungua, kwa hiyo unalazimika kusimama mbali zaidi, na umbali huo ndio unaolaza pua mahali pake. Ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu unapata kichwa na mabega, na mtu hahisi kwamba umemwingilia.

Ila hapa kuna dai la kulipunguza kidogo. f/1.8 inabaki f/1.8 kwa upande wa mwanga: shata ninayopata mimi ndiyo anayopata mwenye fremu kamili kwa ISO (wepesi wa sensa kunasa mwanga) ileile. Lakini kwa upande wa kuyeyusha mandhari ya nyuma, hapana. Tukipiga sura ileile kwa ukubwa uleule, tumesimama mahali pamoja, yeye na 80 na mimi na 50, nyuma yangu itayeyuka kama vile yeye kafunga apecha hadi karibu f/2.8. Nilibishana na jambo hili miezi mingi, mpaka siku moja niliazimwa kamera ya fremu kamili, nikapiga mtu yuleyule kwenye kiti kilekile. Kwenye picha yangu matawi ya nyuma yalionekana kama matawi yaliyotiwa ukungu. Kwenye nyingine yalikuwa rangi tu. Kwa bei na uzito wake bado naipenda 50 hii kuliko kitu chochote nilicho nacho. Nasema tu usitarajie uyeyukaji ule unaouona kwenye picha za watu wa sensa kubwa.

Ya pili ni EF 70-200mm f/4L, ile nyeupe isiyo na kitulizi, gramu 705. Kwa lenzi hii, kropu ni zawadi. Inapiga kama 112-320, na f/4 inabaki palepale kutoka mwanzo hadi mwisho. Napiga mpira wa watoto nikiwa pembeni ya uwanja: mchezaji akiwa mita 20, kwenye 200 picha yangu inachukua upana wa mita 2.2 hivi, yaani mtoto mmoja, mpira, na mguu wa anayemkaba. Fremu kamili hapo ingechukua mita 3.6, na nusu ya picha ingekuwa majani.

Utaniambia mwenye fremu kamili si anaweza kukata baadaye kwenye kompyuta? Anaweza. Lakini chukua kamera kama EOS 6D yenye megapikseli 20: ukiikata ibaki eneo la ukubwa wa sensa yangu, zinabaki kama 8. Mimi nina 24 zote juu ya mtoto yule. Kukiwa na mwanga wa mchana sioni cha kunishawishi nibadilishe. Jioni ikiingia, ISO ikapanda hadi 3200 na kuendelea, hapo chenga zinaanza kuota na namwonea wivu mwenye sensa kubwa.

Tena uzito wa hii haunisumbui kama ule wa 24-70, sijui kwa nini. Labda kwa sababu lenzi ndefu unaishika kwa mkono wa kushoto tangu mwanzo na kamera inakuwa kama mkia tu.

Kuhusu ukali kwa jumla: ile kauli kwamba lenzi ya fremu kamili lazima iwe kali zaidi kwenye kropu, kwa vile unatumia katikati tu, ni kweli nusu. Pembe zinapona kweli. Lakini megapikseli 24 zilizosongamana kwenye sensa ndogo zinaidai lenzi kama sensa ya fremu kamili yenye megapikseli zaidi ya 60 ingeidai. Niliwahi kujaribu zumu moja ya mtumba ya enzi za filamu, iliyosifiwa sana na mwenyewe. Kwenye skrini ya kamera ilipendeza. Nilipoikuza kwenye kompyuta kope za mtu zilikuwa kama zimechorwa kwa mkaa. Niliirudisha kesho yake.

Na lile neno la "nunua lenzi za fremu kamili sasa, kamera utabadilisha baadaye", ambalo ndilo lililonipeleka kwenye 24-70? Kweli EF inafunga kwenye kamera zote mbili, na EF-S haifungi kwenye Canon ya fremu kamili ya mlango wa EF (mlango ni pale lenzi inapofungwa). Kwa Nikon ni afadhali, maana lenzi ya DX, yaani ya sensa ndogo, inafunga na kamera yenyewe inajikata. Lakini baadaye yangu haikufika. Mwaka 2018 Canon wakaleta EOS R na mlango mpya wa RF, na EF zikawa zinahitaji adapta kwenye kamera hizo. Adapta inafanya kazi vizuri, nimeiona. Ila ule mpango wangu wa miaka ulikuwa umejengwa juu ya kamera ambazo mwishowe sikuzinunua, na kwa miaka mitatu nilikuwa napiga harusi kwa lenzi isiyonienea.

Wa Nikon nao waangalie jambo moja: kamera ndogo kama D3000 na D5000 na ndugu zao hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi za zamani za AF-D za fremu kamili, ambazo hutegemea mota ya kamera, zitafunga na zitapiga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono.

Kama bado unaitamani 24-70 na una kropu, chukua lenzi iliyokuja na kamera, iweke kwenye 24, bandika selotepu pete ya zumu isirudi nyuma zaidi, na upige hivyo wiki nzima. Ndani, nje, kwenye gari, kwenye meza ya watu. Usipoibandua selotepu, nunua. Mimi ningeibandua siku ya pili, sebuleni kwangu mwenyewe.